Makofi ya Sammy wa Sori

Filister alikuwa akipima misumari dukani kwao Rangwe aliposikia mumewe anapiga makofi chumba cha nyuma. Si makofi ya kuua mbu. Yalikuwa yale ya kumshukuru mgeni rasmi. Akachungulia. Clifford alikuwa peke yake, amesimama wima mbele ya gramafoni, na wimbo umekwisha kitambo, sindano inakwaruza tu.

"Baba Lorine, unampigia nani makofi?"

"Ameomba."

"Nani ameomba?"

Clifford akaonyesha santuri kwa kidevu. "Huyu."

Filister akasonya, akarudi kwa misumari yake. Wanaume wengine hununua ng'ombe, au walau huoa mke wa pili, jambo ambalo mtu anaweza kulipigania. Huyu wake alikusanya santuri za roki za miaka ya sitini, za vijana wa suruali za kubana waliolilia "baby, baby" kwa Kiingereza cha puani. Alizifuta kwa upole ambao hakuwahi kumfuta nao mtoto kamasi. Mtu mzima mwenye kitambi, tena muuza saruji! Yawa, aibu nyingine huwezi hata kumsimulia dadako.

Hii ya sasa alikuwa ameitoa Sori, kwenye matanga ya mzee Sammy. Enzi za ujana wake Sammy alikuwa na bendi ambayo hakuna aliyeikumbuka, na watu walikuwa na haki ya kuisahau. Udongo wa kaburi haujakauka, familia haijakaa kugawana vitu vya marehemu jinsi desturi inavyotaka, Clifford ameshaiingiza santuri ndani ya koti. Eti ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani.

"Wewe ni mwizi wa matanga," Filister alimwambia.

"Mimi ni mkusanyaji," akajibu, na kifua akakitoa.

Basi mkusanyaji akaamka kesho yake sauti imekauka. Akapiga makofi tena, sauti ikapungua tena, hadi wateja wakawa wanainama juu ya kaunta kumsikiliza. Chumba cha nyuma kikaanza kunuka mafuta ya nywele ya kizamani, na chini ya mafuta hayo, tope la ziwa. Filister alisugua sakafu kwa sabuni, akafungua dirisha. Harufu haikutoka.

Kisha stima ikapotea Rangwe nzima, mchana kweupe, kinyozi wa jirani akamwacha mteja na nusu ya kichwa, na Filister, aliyekuwa akitafuta kufuli kwenye rafu, akasikia gitaa likianza nyuma ya ukuta, akaenda polepole akiwa ameshika nyundo bila kujua ameishikia nini, akaona santuri inazunguka juu ya mashine isiyo na stima, na Clifford mbele yake ametoa macho, midomo inatetemeka, na kutoka ndani ya mkwaruzo ikaja sauti ya kijana, laini, yenye maringo, ikisema, "Asante, Clifford. Niongeze?"

Clifford akapiga makofi. Filister akaichomoa santuri, akaitia mkobani.

Akaenda Sori. Dorah, binti ya marehemu, alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani. Alipoona ile santuri ikichungulia kwenye mkoba, akarudi nyuma.

"Usiitoe, mama," akanong'ona. "Sisi tuna amani tangu iondoke."

"Kwani mlijua ina jini?"

"Tulijua. Baba alizomewa Kisumu mbele ya watu, akarudi na kinyongo mpaka akafa nacho. Tangu afe, hiyo kitu inaomba makofi. Sisi tulikuwa tunanyamaza tu. Tungeizika naye, lakini mwizi akatutangulia."

"Bwanangu anaishiwa sauti."

"Hiyo sauti ndiyo inachukua. Ikimalizika yote, Baba anaingia mahali pake." Dorah alitazama huku na huku. "Anaogopa kuzomewa tu. Na harakisha, mama. Akiingia, hatoki."

Lakini Clifford aliapa kwa ishara za mikono kwamba mganga ni lazima, basi akaletwa Mirumbe kutoka mpakani, na pembe lake na majani yake na majivuno yake. Alinyunyiza dawa, akaunguruma, akaamuru jini ajitaje. Gitaa likaanza. Mguu wa Mirumbe ukaanza kucheza peke yake, kisha kiuno, kisha, Mungu wangu, mganga mzima akapiga makofi! Aliondoka akikohoa, pembe akalisahau kwenye magunia ya saruji.

Hapo Filister aliona yatosha. Akasimama mbele ya gramafoni, mikono kiunoni.

"Wewe Sammy! Hiyo ndiyo sauti uliyotaka kuuza nayo santuri? Mbuzi akibanwa na mlango analia vizuri kuliko wewe! Gitaa hujui, Kiingereza hujui, hata kufa umeshindwa! Toka! Uuuu! Toka!"

Alizomea mpaka machozi yakamtoka. Wimbo ukalegea, ukavutika, ukageuka mgumio. Harufu ikakatika. Akaipiga santuri nyundo, vipande vikaruka hadi dukani. Clifford akaanguka kwa magoti, akaviokota akilia, na kilio chake hakikuwa na sauti hata chembe. Filister akamkumbatia. Alimdharau, ndiyo, lakini alikuwa wake. Alijiambia sauti itarudi.

Ilirudi Jumapili.

Mchungaji Boaz aliuliza nani ana ushuhuda, na Clifford akainuka, akatembea hadi mbele kwa mwendo wa maringo ambao kitambi kile hakikuwahi kuujua. Akafungua kinywa. Kwanza ulitoka mkwaruzo. Halafu ikatoka sauti ya kijana, laini, ya puani, ikiimba wimbo wa kanisa. Bubu amepona! Kanisa likasimama.

"Mpigieni Bwana makofi!" Boaz akalia.

Wakapiga, wazee kwa watoto. Clifford akamtazama Filister kama anavyotazamwa mtu usiyemjua, akatabasamu.

"Asante, Rangwe. Niongeze?"

"Ongeza!" likajibu kanisa zima, na tayari lilikuwa limekauka koo.

Filister akaruka kuzomea. Mama Benta, jirani yake wa benchi, akadhani ni furaha imemzidi. Akamshika mikono yote miwili, akaigonganisha kwa nguvu, pa, pa, pa, huku akicheka.

Filister alifungua kinywa. Ulitoka mkwaruzo tu.