Jina Alilonyimwa Mtoto

Haya hayakunipata mimi, yalimpata Wangui, jirani yangu hapa Kondele, Kisumu, na tangu aniambie simlazi mtoto wangu mbali na mkono wangu.

Mama mkwe wake, Waithira, aliharibika akili wakati wa vita, kabla ya Uhuru, askari walipowalazimisha wanawake wachimbe handaki kuzunguka kijiji, katika udongo mwekundu wa kwao. Huku Kisumu mwanawe Ndegwa, mume wa Wangui, akamficha kwenye stoo nyuma ya duka, wateja wasimwone. Sasa Wangui akazaa mtoto wa kike, na kwao Wakikuyu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba. Ndegwa akakataa katakata.

"Nimpe binti yangu jina la mwendawazimu? Nani atamwoa?"

Basi akaitwa Magdalene, jina la kanisa tu.

Juzi mchana Wangui akampelekea mama mkwe uji, mtoto mgongoni. Stoo haina dirisha. Akasikia mtu anachimba gizani, kwaru, kwaru, karibu kabisa na sikio lake.

"Mama, wacha kuchimba, kunywa uji."

"Mimi nimepumzika, mwanangu," sauti ikajibu kutoka kitandani, mbali. "Leo Waithira mdogo ananisaidia."

Wangui akakimbia nje, akaja moja kwa moja kwangu, tukamfungua mtoto pamoja. Alikuwa amelala, jasho linamtoka. Stoo ile ina sakafu ya sementi, na udongo wa huku kwetu ni mweusi. Chini ya kucha zote za mtoto kulijaa udongo mwekundu, bado mbichi.