Pini Tatu Kwenye Ubao wa Kitanda

Pini ya kwanza ilikuwa kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Umeme ulikuwa umekatika, Mama Chiriku akavaa tochi yake ya kichwani ili aone sufuria, na alipogeuza shingo kitu kikang'aa usawa wa macho yake, kidogo, cheupe. Alikitazama tu. Akajiambia labda aliichomeka mwenyewe akasahau, akaendelea kuosha vyombo.

Msimlaumu. Tangu mume wake, fundi wa kupaka rangi, aanguke kutoka kwenye jukwaa la ghorofa, mwanamke huyu alikuwa kama mguu ulioingia ganzi. Alikula kwa sababu sahani imewekwa mbele yake. Hakulia msibani, hakulia baadaye, na majirani wakanong'ona weee, yule ana moyo wa chuma. Chuma wapi! Ilikuwa kama hana moyo kabisa. Wifi yake, dada wa marehemu, alihamia pale kumsaidia kulea Chiriku, binti wa darasa la kwanza aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Kazi ya Mama Chiriku ilikuwa kushona vizibao vya mafundi wa barabara, vile vyenye utepe unaomeremeta ukimulikwa. Mabaki ya utepe aliyatumia kwenye mchezo. Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni wa watu wazima wenye akili zao: mmoja anaficha kopo msituni, anaweka kwenye simu mahali lilipo, wenzake wanakwenda kulisaka usiku. Ili wasipotee, miti inachomekwa pini za ubao zilizobandikwa utepe kichwani. Mchana huzioni. Usiku, ukija na tochi, zinawaka mbele yako moja baada ya nyingine. Pini moja, endelea. Mbili, kata kona. Tatu pamoja, simama, kitu kiko hapa. Ndani ya kopo kuna vikorokoro, kifungo, shanga, kigari cha plastiki, na sheria haina mjadala: ukichukua kimoja, acha kimoja, chenye thamani ile ile au zaidi.

Yeye ndiye aliyekuwa akitia alama njia zao. Aliipenda kazi hiyo, kama kupenda ndilo neno lake. Msituni hakuna anayekuuliza unaendeleaje.

Sasa sikilizeni alichofanya. Siku chache kabla ya ile pini ya jikoni, alikwenda peke yake kukagua njia mpya, akafungua kopo, akakuta kitambaa cha mkononi. Cheupe, kimepindwa kwa uzi wa kijani, na kona moja mshono umekwenda upogo kwa sababu siku alipokishona mumewe alikuwa akimtekenya. Kitambaa hicho alikitia mwenyewe mfukoni mwa marehemu kabla jeneza halijafungwa. Alikipeleka puani. Tapentaini ya kusafishia brashi, rangi, jasho la yule mtu. Kitu kikamkata kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalia, akalia mpaka akakaa chini kwenye majani. Kisha akakitia kifuani, akakimbia nyumbani kama mwizi. Hakuacha kitu ndani ya kopo. Yeye, aliyewafundisha wenzake sheria ile, hata haikumjia akilini!

Kila usiku alikinusa, akalia kidogo, akalala. Asubuhi ganzi ilikuwa imerudi.

Pini ya pili ilitokea kwenye ukuta wa korido. Kisha zikatokea mbili pamoja, pale korido inapokata kona kwenda vyumbani.

"Wifi," dada wa marehemu alimwambia, tochi ya simu mkononi, "utani gani huu? Unatutia alama humu ndani, sisi tunapotea kwenda chooni?"

"Si mimi."

"Si wewe, basi ni panya? Panya wa siku hizi wanashona?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akashusha sauti. "Na hiyo tapentaini unaisikia? Naisikia tangu juzi. Nilidhani ni mawazo yangu."

Mama Chiriku alikuwa akiisikia. Alidhani inatoka kwenye kitambaa, lakini kitambaa kilikuwa kwenye mkoba, na harufu ilikuwa koridoni, imesimama mahali pamoja, usawa wa mtu.

Usiku huo aliamshwa na mlio. Tik. Ni mlio alioujua kuliko jina lake, wa pini ikisukumwa kwenye mbao kwa kidole gumba. Tik, tena, karibu zaidi, na alipoinuka alisikia nyayo tupu zenye majimaji zikisogea taratibu kama za mtu asiye na haraka kwa kuwa njia ameiweka mwenyewe, zikapita mlangoni kwake bila kusimama, zikaelekea chumba cha mtoto, na yeye akawa anazifuata akipapasa ukuta huku kifua chake kikiwa kimya kabisa, akijiambia nitaogopa sasa hivi, nitaogopa nikifika, hadi akasukuma mlango, akawasha tochi, na ubao wa kitanda cha Chiriku ukamjibu kwa nukta tatu nyeupe juu ya kichwa cha mtoto.

Tatu pamoja. Kitu kiko hapa.

Chiriku alikuwa macho, kalala chali, mikono kainyoosha kandokando. Hakuwa akipiga domo.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu alikuwa ananipima."

"Nani?"

"Simjui. Ananuka kama baba. Anasema natosha."

Kulipokucha wifi aliwaburuta wote wawili kwa fundi friji, mtu wa makamo aliyetengeneza majokofu mbele ya duka na kutoa majini nyuma yake, na kwa kazi zote mbili alikuwa mkali vilevile. Alisikiliza huku akifuta mikono kwa tambara.

"Nitajieni sheria ya mchezo wenu."

Mama Chiriku aliitaja.

"Na wewe ulichukua."

"Ndiyo."

"Ukaacha nini?"

Wifi alijipiga paja. "Jamani! Nitakirudisha mimi hicho kitambaa, leo hii!"

"Kukirudisha hakusaidii," fundi friji alisema. "Aliyekitoa kaburini alikitoa ili kichukuliwe, anatafuta njia ya kuingia kwenu tangu msiba, ameona mlango. Ni jini wa msitu ule, na mchezo wenu ameuelewa kuwashinda. Anataka chake. Mtoto ameshampigia mahesabu. Kabla ya usiku huu kwisha, mama, uwe umeacha kitu ndani ya kopo. Mimi nikimfukuza bila kumlipa, atarudi na njia anaijua."

"Kitu gani?"

"Thamani ile ile au zaidi. Si umesema mwenyewe?"

Giza lilipoingia, Mama Chiriku aliwaacha wifi na Chiriku wamekumbatiana sebuleni, taa zote zinawaka, akaingia msituni. Pini zake zilimpokea moja moja. Alipofika kwenye zile tatu alipiga magoti, akafungua kopo. Lilikuwa tupu, na harufu ikapanda kutoka ndani yake ikamzunguka.

"Nichukue mimi," alisema. Hakuona hasara.

Kitu kilimnusa shingoni, pole pole, hadi utosini.

"Mtupu," kilisema. Sauti ilikuwa ya mumewe, lakini kavu, kama imesahau kutumia mate. "Mtoto amejaa."

"Mtoto humpati."

Kikanusa tena, mara hii kwenye kitambaa kifuani mwake, kikakaa hapo muda mrefu. "Humu chini kuna kitu kimoja. Umekifunika kwa ganzi kisiibiwe. Weka hicho."

Alikielewa. Sasa hofu ilikuja kweli, yote aliyoiahirisha, kwa sababu alikuwa amebakiza mumewe tu, yule mtu, na alimweka ndani kabisa asiguswe hata na machozi. Akamwona Chiriku amelala chali, mikono kandokando. Akainamia kopo akaanza kusimulia. Alisimulia namna mumewe alivyopiga mluzi akipanda ngazi, na aliposema hivyo mluzi ule ukamtoka masikioni, akautafuta hakuupata tena. Alisimulia rangi kwenye kope zake, mzaha wake juu ya chumvi, siku ya kutekenyana kwenye cherehani, mumewe alivyolia siku Chiriku alipozaliwa, na kila alilolimaliza lilidondoka ndani ya kopo likapiga tik, naye akaendelea huku akilia kwa sauti, akijua analia lakini kila mara akizidi kusahau ni kwa ajili ya nani, hadi lilipobaki jina. Akalitamka. Akafunika kopo.

Alifika nyumbani alfajiri. Ubao wa kitanda ulikuwa na vitundu vitatu tu, korido vivyo hivyo, na harufu ilikuwa ya sabuni na chai. Chiriku alimrukia akiongea bila nukta, kuhusu jino linalocheza na ndoto ya paka, na Mama Chiriku akamkumbatia akacheka, kicheko chenye joto, ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia kwa muda mrefu.

"Umerudi!" Dada wa marehemu alimng'ang'ania shingoni, machozi yanamtiririka. "Oo, wifi yangu. Wifi yangu mimi. Kimekwenda?"

"Kimekwenda."

Juu ya bega lake Mama Chiriku aliiona picha ukutani, mwanamume mwenye doa la rangi kwenye paji la uso, anacheka. Sura nzuri. Aliitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha kwenye nyumba ya wenyewe.

"Dada," aliuliza taratibu, asimuudhi mtu aliyemfaa hivyo, "kila saa unaniita wifi. Kwani mimi niliolewa na kaka yako?"