Dakika Arobaini na Nne

Kimondo cha abiria kiliruka kutoka Santiago, kikavuka bahari na nusu ya Afrika, kikatua Bukoba saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kilomita elfu kumi na moja na mia moja, dakika thelathini na sita. Abiria mmoja alishuka na kipande kilekile cha keki alichopanda nacho, hajamaliza kukitafuna.

Mhandisi Byabato alishuka akiwa na begi dogo. Ratiba ya vimondo aliichora yeye. Hata Kadi ya Ganzi aliiandika yeye. Ilieleza kwa heshima zote kwamba mwili wa binadamu umekubali mwendo mpya, ila hisia zimegoma. Zinasafiri kwa mwendo wa ndege za zamani. Kwa umbali huo, ni safari ya saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kabla ya hapo abiria hahisi kitu, naye aonyeshe kadi kwa watakaomshangaa.

Alikuwa amekuja kumzika mama yake.

Kwao, mfiwa anayetoka mbali huanza kulia akiwa bado njiani, penye migomba ya kwanza. Ndugu wakisikia sauti hutoka kumpokea. Byabato alipita migomba yote kimya, na hakuna aliyetoka. Aliingia uani kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Binamu mmoja akamuuliza kama mama aliyefariki ni wa jirani.

Shangazi Kokubanza, aliyesaidiana na marehemu kumlea, aliisoma kadi mara mbili, polepole.

“Kwa hiyo huzuni yako iko angani.”

“Ndiyo, Shangazi.”

“Inatua saa ngapi?”

“Saa kumi na moja na dakika arobaini na nne jioni.”

“Na wewe unaondoka?”

“Saa kumi na moja kamili.”

Walizika saa nane. Byabato alitupa udongo wake, akaona kwamba ulikuwa na unyevu wa kutosha. Baadaye Shangazi alimwomba abaki dakika hizo arobaini na nne tu, amlilie mama yake pale alipolala. Alijibu kwamba kimondo hakingoji, na kwamba alikuwa na kikao cha kupunguza safari hiyo hadi dakika thelathini. Shangazi alichukua kiti cha plastiki, akakiweka kando ya kaburi.

Saa kumi na moja na dakika arobaini na nne, ambayo Santiago ni asubuhi, Byabato alikuwa ofisini akisuuza kikombe. Simu ikaita.

“Imefika, baba,” Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kilio. “Imekukosa. Nimeipokea mimi, nimelia nayo kidogo. Lakini si yangu, nimeielekeza kwako.”

Byabato alishukuru, akakata simu, akapiga hesabu kwa mazoea. Kwa mwendo uleule, ingemfikia saa tano na dakika nne usiku, kwa saa za Santiago. Akafungua ratiba. Saa mbili usiku alikuwa na safari ya Sapporo, Japani.

Kidole chake kilisimama juu ya neno “Ahirisha”. Alingoja aone kama kuna kitu atahisi. Hakuhisi chochote, kwa hiyo hakuona sababu ya kulibonyeza.