Fundi Aliyepima Kila Kitu Isipokuwa Dawa

Fundi cherehani alikuwa mtu wa kipimo. Mteja akija, alimpima kiuno, akaandika, kisha akampima tena. Mkewe, aliyeshona vifungo kando yake, alimtania, "Wewe ukiachiwa, utapima hata kivuli cha mtu."

Lakini mwezi huo mke hakuwa na raha. Fundi alikuwa na kisukari, na alikuwa ameacha vidonge vya kliniki. Badala yake alichemsha majani machungu, konzi moja au mbili za mkono, akanywa asubuhi na jioni.

"Vidonge vinashusha sukari tu," alisema. "Majani yanalinda figo, macho na moyo. Hata maabara wanayachunguza!"

Mke aliendelea kushona vifungo. Mumewe akishika lake, halegezi.

Siku moja jirani yao, nesi, alikuja kujaribu gauni. Fundi akapita mbele yake pekupeku.

"Fundi, simama! Una pini kwenye unyayo!"

Fundi akainua mguu. Pini ilikuwa imezama hadi kichwani, na damu imekwisha kuganda. Hakuwa amehisi chochote. Akaogopa sana. Mguu huo ndio uliokanyaga cherehani na kuwalisha.

Mke akaanza kulia. "Mwambie unachokunywa!"

Fundi akaeleza kwa aibu.

"Sukari ikikaa juu, huharibu mishipa ya fahamu," nesi alisema. "Ndiyo maana hukuhisi. Huharibu figo na macho pia, kimyakimya."

"Na majani je?"

"Ni kweli, wataalamu wanachunguza mimea. Wanakamua kiini chake, wanakipima, wanakijaribu, mara nyingi kwa panya. Mingine inaleta matumaini, lakini matumaini bado si dawa. Majani mengine huumiza figo hizohizo. Mengine, ukichanganya na vidonge, hushusha sukari kupita kiasi. Usiwafiche kliniki unachokunywa. Kiuno changu umekipima mara mbili, Fundi. Mwili wako unaukadiria kwa konzi?"

Fundi akafunika cherehani.

Walikwenda kliniki saa hiyohiyo. Pini ikatolewa, kidonda kikasafishwa. Wahudumu wakapima sukari na mkojo, wakamchunguza macho. Fundi akarudia vidonge vyake. Akaanza kuvaa viatu hata ndani, na kila jioni mkewe alimkagua nyayo.

Kidonda kilifunga baada ya wiki sita. Ganzi haikuisha yote. Lakini baada ya miezi mitatu sukari ilikuwa imeshuka, na figo zilikuwa bado nzima. Mke alilia tena, safari hii kwa furaha.

Wiki hiyo seremala wa jirani akaja na fungu la majani. "Fundi, haya ni kiboko! Konzi moja tu!"

Fundi akavua futi ya kupimia shingoni. "Konzi ya nani? Yako au ya mke wangu?"

Mke akacheka mpaka kikopo cha pini kikamponyoka. Fundi akatazama kwanza viatu vyake. Kisha akainama, akaziokota moja moja, akizihesabu hadi ya mwisho.