Neno Alilolikana Bosi Mdogo

Bosi Mdogo alijisikia mwenyewe akiongea chumbani, naye yuko nje.

Ilikuwa Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anapanda ngazi za kiwanda cha kushonea sare, chupa ya maji mkononi, mdomo kaufunga. Chumba cha kukatia vitambaa kilikuwa na kufuli tangu Ijumaa, na ufunguo anao yeye mfukoni. Ndani yake sauti yake ikasema, wazi kabisa, "Kata."

Akasimama. Akajicheka. Uchovu tu, akajiambia, na kweli alikuwa hajapata usingizi kwa siku nne. Anayemtendea mwenzake ubaya godoro humchoma.

Nisiwazungushe, ubaya wenyewe ni huu. Pale kiwandani kuna utaratibu wa miaka mingi: kitambaa hakikatwi mpaka mkataji asome vipimo kwa sauti, na msimamizi ajibu kwa kinywa chake, "Kata." Mkataji alikuwa Mzee Futi, miaka sitini na ushee, aliyeitwa hivyo kwa sababu futikamba haikushuka shingoni mwake hata wakati wa kula. Ndiye aliyemfundisha Bosi Mdogo kushika mkasi, alipofika pale binti wa miaka kumi na tisa asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano. Sasa binti ana ishirini na saba, kapewa usimamizi, na mwalimu wake yuko chini yake.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Aliwaogopa wazee wa pale kiwandani, huo ndio ukweli. Aliogopa kwamba akiwaamkia na kuwachekea watampanda kichwani. Basi shikamoo akaacha, na majibu yake yakawa ya mkato. Mzee Futi hakununa. Alimwita "bosi" kama wengine, akaendelea na meza yake.

Wiki iliyopita Mzee Futi akamletea karatasi. "Bosi, urefu wa suruali hizi umeandika inchi thelathini na tatu. Vijana wakubwa hawa. Si thelathini na nane kweli?"

Bosi Mdogo alikuwa anachapa ujumbe kwenye simu. Hakuinua hata kichwa. "Kata, mzee! Kama macho yamekwisha, nenda nyumbani ukalee wajukuu."

Mzee Futi akakata. Suruali mia mbili, zote zikaishia juu ya vifundo vya miguu. Ijumaa mwenye kiwanda akapanda juu amefura, akauliza mbele ya watu wote nani alisema kata. Bosi Mdogo akajibu, "Mimi sikusema. Mzee amekata kwa akili zake."

Mzee Futi alimtazama tu. Alikunja aproni yake, akaiweka mezani, akashuka ngazi taratibu, mkono mmoja ukutani. Barua ya kumfukuza ingetiwa saini Ijumaa inayofuata, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, na kilichosubiriwa kilikuwa ripoti ya Bosi Mdogo.

Jumatano asubuhi Mama Vifungo, mkongwe wa washonaji wa kike, akamfuata Bosi Mdogo. Macho yalikuwa mekundu.

"Bosi, kama nimekukosea ungeniita pembeni."

"Nimefanya nini mimi?"

"Umenisema kutoka chumba cha kukatia, watu wote wanasikia. Eti mikono yangu inatetemeka kama ya mlevi, eti unasubiri tu nianguke uajiri mwingine."

Bosi Mdogo alihisi uso unamwaka. Maneno hayo hakuyasema popote. Ila aliyawaza, mwezi uliopita, akiwa amesimama nyuma ya yule mama akimwangalia anavyotafuta tundu la kifungo. Loo, aibu gani hiyo, ya kusikia moyo wako unasomwa mbele ya watu! Akasema, "Si mimi, mama," lakini alisema huku anatazama chini, na Mama Vifungo akarudi kwenye kiti chake bila kumwamini.

Alhamisi, saa tisa alasiri, umeme ukakatika. Mashine zikanyamaza zote kwa pamoja. Ikaja harufu ya kitambaa kinachoungua, na pasi zilikuwa baridi. Kisha mkasi mkubwa wa Mzee Futi ukaanza kusikika nyuma ya mlango uliofungwa, ukifunguka na kufungika, kraa, kraa, polepole, na katikati ya mikato sauti ya Bosi Mdogo ikawa inamwita mzee mmoja baada ya mwingine, huyu ikimwambia ananuka dawa ya misuli, yule ikimwambia kiziwi, yule mwingine ikimcheka kwa meno yake ya bandia, na wazee wale, watu wazima wenye wajukuu, wakawa wanainamisha vichwa na kuitikia "ndiyo, bosi," mmoja mmoja, kwa mazoea, mpaka mmoja wao akainua macho akamwona Bosi Mdogo mwenyewe amesimama katikati yao, midomo imefungwa, machozi yanamtiririka mpaka shingoni.

"Jamani," akanong'ona mtu, "basi aliye mle ndani ni nani?"

Mama Vifungo akamvuta Bosi Mdogo mkono, akamwekea mdomo sikioni. "Mwanangu, niambie. Ulisema kata, hukusema?"

"Nilisema, mama."

"Ukalikana neno lako mbele za watu. Kilichokanwa hakina mwenyewe, na majini huokota visivyo na wenyewe. Kesho lidai. Liseme hadharani, kabla ile barua haijatiwa saini, maana ikishatiwa hakuna wa kukusaidia."

Usiku huo alifanya mazoezi ya maneno mpaka yakakaa sawa. Ijumaa mwenye kiwanda akaja na barua na kalamu. Watu wakasimama. Bosi Mdogo akatoka mbele, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Hakikutoka kitu. Akajaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na hata mguno haukutoka. Nyuma ya mlango sauti yake ikasema kwa utulivu, "Ripoti yangu ni ileile. Mzee ndiye mwenye kosa. Tia saini."

Mwenye kiwanda akaugeukia mlango, akamgeukia yeye. Bosi Mdogo alinyakua chaki ya kushonea, akatandaza kitambaa cheusi sakafuni, akapiga magoti na kuandika kwa herufi za kila mtu kuona: NILISEMA KATA. NIKADANGANYA. MZEE HANA KOSA. Mama Vifungo akasoma kwa sauti. Barua ikachanwa palepale.

Jumatatu Mzee Futi akarudi. Bosi Mdogo alimngoja juu ya ngazi, akamwangukia miguuni mbele ya wote, midomo ikicheza bila sauti. Mzee akamshika bega. "Yamekwisha, mwanangu. Inuka, watu wana kazi."

Bosi Mdogo akampa ufunguo, mzee akafungua kufuli. Kabla hajasukuma mlango, sauti ya Bosi Mdogo ikatoka ndani.

"Umechelewa, mzee. Unadhani hapa ni kwa baba yako?"

Bosi Mdogo akamng'ang'ania mkono, akitikisa kichwa, akijipiga kifuani, akijionyesha koo: si mimi, si mimi. Mzee Futi hakushtuka. Sauti ile alikuwa ameizoea. Akajitoa mkononi mwake taratibu, akavua kofia, na kwa upole uleule aliokuwa akimjibia kila siku, akauambia mlango, "Nisamehe, bosi," akaingia kazini.