Hesabu Nyuma ya Mlango

Mwezi wa Julai, Githongo huwa na baridi kali. Ukungu hushuka asubuhi na kukaa juu ya miti ya kahawa hadi saa nne. Watu huvaa masweta mawili, na hakuna anayetaka kuacha moto.

Igoki alizoea kuamka kabla ya wote. Alikama ng'ombe, akapika chai, akawaita wajukuu wake watatu, mkubwa wao Purity. Mwanawe Mithika alipeleka maziwa barabarani, kisha akashuka shambani. Watoto walikwenda shule. Igoki alibaki nyumbani na mkaza mwana wake, Phyllis, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Tuseme ukweli, Igoki alikuwa mtu wa kushuku. Kuku akikosa kutaga, alimtazama jirani. Mgeni akikataa chai, alijiuliza ameambiwa nini. Na sasa kwa majuma saba jicho lake lote lilikuwa kwa Phyllis.

Phyllis alitoka Kiambere, kule chini kwenye joto, upande wa Mbeere. Mwezi wa tano alikwenda kwao kumzika baba yake. Aliporudi hakuwa analala. Presha yake ilipanda, akapewa dawa. Tena alirudi na mfuko mdogo wa utomvu mkavu wa miti ya nyika ya kwao. Ukiweka utomvu huo juu ya makaa, hutoa moshi wenye harufu nzuri. Watu wa mjini huuita ubani.

Kila siku, watoto wakishaondoka, Phyllis aliingia chumba cha mwisho cha nyumba yao ya mbao. Zamani chumba hicho kilikuwa cha kuwekea kahawa. Aliingia na jiko dogo la makaa, akaketi humo peke yake.

"Mama Purity, unachoma nini huko ndani?" Igoki alimuuliza siku ya kwanza.

"Ni ubani tu, Mama. Natafakari. Nilifundishwa na daktari huko Embu. Unakaa kimya, unapumua pole pole, roho inatulia."

"Kukaa kimya kunataka moshi?"

"Harufu inanisaidia. Inanikumbusha baba."

"Haya," Igoki akasema. Lakini hiyo haya haikuwa ya kukubali. Mtu amezikwa juzi, akajiambia, na sasa anaitwa kwa moshi!

Kesho yake, wanawake hao wawili walipopeleka maziwa ya jioni mahali pa kupimia, Igoki alisema kwa sauti kwamba nyumbani kwake siku hizi kunanuka vitu vya ajabu. Akina mama waligeuka wakamtazama Phyllis. Phyllis aliinamisha kichwa, akachukua mtungi wake, akaenda.

Tangu siku hiyo alianza kufunga dirisha. Alifunga mlango pia, akaziba nafasi ya chini kwa gunia ili harufu isitoke. Igoki aliona, na moyo wake ukazidi kuwaka. Kama si kitu kibaya, anaficha nini?

Akachukua kigoda chake na sinia la maharagwe, akaenda kukaa nyuma ya chumba kile. Alijifanya anachambua maharagwe, lakini sikio lilikuwa kwenye mbao.

Ndani alisikia sauti ya Phyllis, ndogo na ya taratibu.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Kimya kidogo.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita."

Kisha akaanza upya. Nne, halafu sita. Nne, halafu sita.

Maharagwe yalimwagika. Huku kwetu mtu hahesabu watu wa nyumba yake kwa sauti. Hata ng'ombe, wazee hawakupenda wahesabiwe. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi, atakujibu, "Wale Mungu amenipa," na yatakwisha hapo. Watu waliohesabiwa, walisema wazee, huanza kupungua.

Igoki aliitazama nyumba. Mithika. Phyllis. Purity na wadogo wake wawili. Na yeye mwenyewe. Akajikuta amefika sita moyoni mwake, akajiziba mdomo haraka kana kwamba moyo una sauti. Na ile nne? Hakuijua nne ni ya nini, lakini hakuwa na shaka kwamba ni ya kitu.

"Anatuhesabu," akanong'ona. "Huyu mwanamke anatuhesabu."

Mchana huohuo alikwenda kwa Ruguru, kiongozi wa akina mama kanisani. Ruguru alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka chini sufuria aliyokuwa akiosha.

"Jumamosi tutakuja tuombee hiyo boma," alisema. "Hayo mambo ya kukaa ukifunga macho nilisikia kwa redio. Si yetu."

Jioni Igoki alimwambia mwanawe, "Mithika, Jumamosi ikipita, mpeleke bibi yako kwao Kiambere akae kwanza. Watoto wabaki."

"Kwa sababu ya ubani, Mama?"

"Kwa sababu ya watoto."

Mithika alimpenda mkewe. Lakini siku hizi hata yeye alichungulia chai yake kabla ya kuinywa, na Phyllis alimwona akichungulia. Hakuna kitu kilichomuuma Phyllis kama hicho.

Alhamisi ilikuwa na baridi kuliko siku zote. Phyllis alijaza makaa kwenye jiko, akasubiri yawe mekundu kabisa, akaingia nalo. Igoki alisikia gunia likivutwa chini ya mlango. Akabeba kigoda chake, akaenda mahali pake.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Sauti iliendelea vizuri kwa muda. Baadaye ikaanza kuburuta. Phyllis alifika tatu, akarudi moja. Alisema nne mara mbili. Igoki alikunja uso. Amechanganyikiwa, au huyo anayemwita sasa amefika?

Akatoa simu mfukoni ampigie Ruguru. Aje mara moja, ashuhudie kwa macho yake! Kidole kilikuwa juu ya jina la Ruguru aliposikia, "Moja. Mbili."

Alingoja tatu.

Tatu haikuja. Igoki, aliyeichukia hesabu ile siku zote hizo, sasa alikaza sikio akiitafuta. Akagonga ubao. "Mama Purity!" Hakujibiwa. Ndani kitu kizito kilianguka.

Simu ilibaki kwenye nyasi. Igoki alizunguka nyumba mbio, akausukuma mlango kwa bega. Gunia lilikwama, akasukuma tena. Alitarajia kukuta moshi mzito. Hakukuwa na moshi. Ubani ulikuwa umekwisha kuungua, na makaa yalikuwa mekundu, safi, yametulia. Phyllis alikuwa amelala chini kando ya mkeka, mdomo wazi.

Igoki alimshika makwapani, akamvuta hadi nje. Yeye mwenyewe kichwa kilimzunguka. Alipiga kelele zilizofika shambani.

"Mithika! Mithika uui! Amekufa!"

Mithika alipanda mteremko mbio. Nyuma yake alikuja Sheila, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyekuwa akipita nyumba ya jirani na begi lake mgongoni. Sheila alipiga magoti, akaweka sikio karibu na pua ya Phyllis.

"Anapumua. Mlaze kwa upande. Msimzunguke, hewa ipite. Shosho, huko ndani kulikuwa na makaa?"

"Jiko," Igoki alisema. "Na ubani. Na hesabu."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Na gunia chini."

Sheila aliinuka. Alimwagiza Mithika amwombe jirani gari, wakampeleka Phyllis hospitali. Huko aliwekewa mashine ya hewa safi usoni. Igoki alibaki kwenye benchi nje.

Ijumaa jioni Phyllis alirudi nyumbani, mnyonge lakini mzima. Jumamosi asubuhi Sheila alikuja kumwona. Waliketi jikoni, wote wanne.

"Mama Purity," Sheila alianza, "siku hiyo ulijisikia vipi kabla ya kuanguka?"

"Kichwa kiliuma kidogo. Halafu mwili ukawa mlegevu, nikasikia usingizi. Nilifikiria ndio utulivu umekuja."

"Ulikuwa unazimia. Makaa yakiwaka yanatoa gesi ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Mahali kumefungwa inajaa, na wewe unaivuta bila kujua. Kichwa kinauma, unasikia kutapika, unalegea, unalala. Wengine hawaamki tena."

"Lakini yalikuwa mekundu kabisa," Mithika alisema. "Hayakuwa na moshi hata kidogo. Hayo si ndiyo salama?"

"Hapo ndipo tunakosea wengi. Moshi unaweza kuisha na gesi iko. Jiko la makaa halikai chumba cha kulala ama chumba imefungwa, hata kama ni baridi namna gani."

Igoki alikohoa. Shaka yake ilikuwa bado haijamtoka yote.

"Na ile hesabu?" aliuliza bila kumtazama mtu. "Nne na sita. Nyumba hii tuko... tuko vile tuko. Nani alikuwa anahesabiwa?"

Phyllis alimgeukia polepole.

"Mama, ulifikiria nawahesabu nyinyi?"

"Nilisikia na masikio yangu."

"Nilikuwa nahesabu pumzi! Nikivuta, nahesabu nne. Nikitoa, nahesabu sita. Ndivyo nilifundishwa, ili akili isikimbie huku na huku." Machozi yakamtoka. "Nilifunga mlango kwa sababu yenu. Dirisha lilikuwa wazi, Mama. Nililifunga siku ile mlinitazama pale kwa maziwa."

Igoki alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Mithika aliutazama mkono wa mkewe, akaushika.

"Basi huo ubani nitupe?" Phyllis aliuliza.

"Si lazima," Sheila alisema. "Lakini ujue ubani si kutafakari. Kazi yenyewe ni kutulia na kufuata pumzi. Harufu ni kama mkeka unaokalia, inakusaidia tu, hata bila hiyo unaweza. Ukitaka kuchoma, choma kidogo, nje ama mahali pana hewa ya kutosha, na usiukalie moshi wake. Moshi ni moshi, hata ukinukia. Mtoto wa pumu asikaribie. Na dawa yako ya presha usiache, kukaa kimya hakuchukui nafasi ya dawa."

"Na kama nataka harufu bila moto?"

"Sugua kipande kwenye kiganja, unuse. Wengine wanatumia sauti. Gonga kikombe na kijiko mara moja, usikilize mpaka mlio uishe. Mwingine anashika maharagwe mkononi, ama anatazama kitu kimoja tu, kama ule mlima."

"Na hicho kijiko hakiiti mtu?" Igoki aliuliza.

"Kinaita chai, shosho."

Phyllis alicheka akiwa na machozi, na Mithika akacheka. Igoki alijaribu kununa, akashindwa.

Lakini Jumamosi ilikuwa ndiyo hiyo, na saa nane akina mama wa kanisa walifika, Ruguru mbele na Biblia kwapani. Waliketi sebuleni wakimtazama Phyllis kwa pembe ya jicho. Mmoja alisogeza kiti mbali naye.

"Igoki," Ruguru alisema, "eleza wenzako ulichotuitia."

Igoki alisimama. Angeweza kusema mambo yamekwisha, wakaomba kidogo na kunywa chai. Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini alimwona Phyllis amekaa pale, mikono magotini, akingoja kusikia kama ana nyumba au hana.

"Niliwaitia uongo," alisema. "Nilishuku mtoto wa watu. Niliwaambia anatuhesabu, na hakuwa anatuhesabu. Alikuwa na huzuni ya baba yake, anapumua ili apate usingizi. Mimi nilimsema mpaka akajifungia na jiko. Nusura nimuue kwa mdomo wangu. Kama mnaomba, mniombee mimi."

Igoki akaendelea, maana sasa hakuweza kuacha. Aliwaeleza juu ya makaa mekundu yasiyo na moshi, gesi isiyo na harufu, kichwa kuuma, na usingizi unaokuja kama utulivu. Alieleza yote kama Sheila alivyosema, akichanganya hapa na pale.

"Kwa hivyo hata ya kuota moto?" Ruguru aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Si ubani. Jiko tu, la baridi?"

"Hata hiyo. Kama umefunga."

Biblia ilianguka sakafuni. Ruguru alikuwa tayari mlangoni.

"Binti yangu amelala na kale katoto," alisema. "Nimewawekea jiko. Nimefunga dirisha mwenyewe."

Alishuka mteremko akikimbia, kilemba kikamtoka, na akina mama wote wakamfuata. Phyllis alikuwa mbele yao, bado mnyonge, ameshika sketi kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyewahi kuupiga teke mlango. Yeye ndiye aliyefungua dirisha na kulitoa jiko nje, Ruguru akimtoa binti yake kitandani, kichwa kikimuuma, miguu haina nguvu.

Igoki aliingia wa mwisho, akihema. Alimchukua mtoto, akatoka naye kwenye baridi, akamgeuza, akampapasa mgongoni. Mtoto alinyamaza. Akazidi kunyamaza. Kisha akafungua mdomo na kulia kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

Mithika, aliyewafuata mbio, tayari alikuwa anampigia Sheila simu, wapelekwe hospitali wote wawili. Ruguru aliketi chini kwenye matope na nguo yake nzuri ya kanisa, akaunyoosha mkono, akamshika Phyllis mguu.

"Kaa hapa kando yangu," alimwambia. "Unifundishe hiyo ya kupumua. Moyo umekataa kutulia."

Phyllis akaketi chini kando yake, na akina mama wote wakanyamaza wasikie.