Miezi Saba ya Shelisheli

Siku ya mnada Karatu hapakuwa na nafasi hata ya kugeuka. Mbuzi walioletwa kutoka kijiji cha Malambo walilia, vumbi jekundu likapanda, na Antonia alikuwa ameinamia cherehani yake barazani, khanga ya rangi ya machungwa kiunoni. Kijana mrefu akamwekea suruali mezani, akaomba ipunguzwe saa hiyo hiyo. Alikuwa Koplo Tluway, mwenyeji wa Mbulumbulu, yuko likizo. Ilikuwa Desemba 1981.

Kesho yake alirudi na shati lisilo na kasoro yoyote.

"Hili linataka nini?" Antonia aliuliza.

"Linataka kukaa hapa kidogo. Na mwenyewe pia."

Likizo ikayeyuka. Tluway aliaga akisema anakwenda kozi Dar es Salaam, miezi mitatu tu. Barua zake zilikuja na mhuri wa Dar, zimejaa "Toni wangu". Mwezi wa tano, Antonia akampa mjomba wake Raphaeli, dereva wa lori la ngano, chupa ya asali ampelekee kambini Dar. Raphaeli alirudi nayo. Aliambiwa koplo huyo hayupo pale, wala hakuna kozi.

Antonia alilia siku mbili, akaacha kujibu barua. Aliamini kuna mwanamke. Mwalimu Yohana, aliyemtaka siku nyingi, akaanza kukaribishwa chai.

Agosti, Tluway akasimama tena barazani, amekonda, sare imempwaya.

"Nilikuwa Shelisheli."

"Hilo si tunda la pwani? Tafuta uongo mwingine."

"Ni visiwa, Toni, mbali baharini. Mamluki walishuka uwanja wa ndege na bunduki ndani ya mabegi, wapindue serikali. Tulipelekwa kulinda. Wakubwa wanasema makaburu wa Afrika Kusini wakipata kituo pale, hata pwani yetu haitalala. Tulikatazwa kusema. Barua zilipitia Dar."

Antonia akamuuliza yeye mwenyewe anaonaje. Tluway akasema kulikuwa na bibi mmoja aliyewaletea samaki kila Jumapili, hawaelewani hata neno, lakini kila ndege ilipotua bibi yule alimshika mkono kwa hofu. Basi hakuiona kazi ile kuwa ya bure. Kilichomuumiza ni barua za Karatu kukatika.

Antonia alisimamisha cherehani. Hasira ilikuwapo bado, ila haikuwa na pa kukaa.

"Ukipelekwa tena, usinitajie mahali pa uongo," alisema. "Niambie huwezi kusema. Nitavumilia hilo. Uongo sitauvumilia."

"Nimekubali. Januari tunaondoka tena."

"Wapi?"

"Siwezi kusema."

Antonia akacheka, machozi yakimtoka. Alimwambia Tluway kwamba mzee Martini, baba yake Antonia, huwa nyumbani Jumapili baada ya misa, na kwamba wazee wa Mbulumbulu wakija kuposa wasichelewe. Mwalimu Yohana angeambiwa na Antonia mwenyewe, leo hii.